Maswali ya wafugaji: Jogoo hatagi, lakini rangi ya yai anaibeba

Barua za mayai ya rangi zimekuwa nyingi, hasa kutoka Nyanda za Juu Kusini. Tumechagua nane zinazogusa wengi na kuyafupisha maswali. Majibu mengine tumeyaacha marefu kwa sababu jambo lenyewe halina njia ya mkato.

Nina tetea mmoja anayetaga mayai ya bluu. Nimempandisha na jogoo wa kienyeji. Je, binti zake watataga bluu? Jirani anasema rangi hufuata baba.
*Mfugaji, Tukuyu*

Jirani ana nusu ya ukweli. Rangi hufuata wazazi wote wawili, ila baba hatagi, kwa hiyo mchango wake hauonekani mpaka binti zake waanze kutaga.

Tuanze na ganda lenyewe. Kila ganda la yai la kuku kwa asili ni jeupe, maana limejengwa kwa kalsiamu kaboneti. Rangi zinazoliingia ni mbili tu. Ya kwanza ni biliverdini, ambayo ni bluu. Ya pili ni protoporfirini, ambayo ni kahawia. Yai hukaa kwenye tezi ya ganda kwa saa 20 hivi. Bluu huingia wakati ganda linajengwa, kwa hiyo hupenya hadi ndani. Kahawia huwekwa saa za mwishomwisho, kwa hiyo hubaki juu. Vunja yai, bandua ule utando mwembamba wa ndani, kisha tazama ganda kwenye mwanga wa mchana. Yai la kahawia ndani ni jeupe. Yai la kijani ndani ni bluu, kwa sababu kijani si rangi ya tatu: ni bluu iliyopakwa kahawia juu. Jaribio hili lizoeeni, tutalirudia mara kadhaa hapa chini.

Bluu huendeshwa na jeni moja, na jeni hiyo hutawala: nakala moja tu inatosha. Reginald Punnett wa Uingereza alilithibitisha hilo mwaka 1933. Mwaka 2013 watafiti wakaonyesha chanzo chake: kipande cha kirusi cha kale kilichojipachika kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya kwanza ya kuku, karibu na jeni iitwayo SLCO1B3, kikaifanya ifanye kazi ndani ya tezi ya ganda. Hakiambukizi mtu wala kuku, kinarithiwa tu.

Kila kuku ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Tetea wako akiwa na mbili za bluu, binti zake wote watakuwa na bluu kwenye ganda. Akiwa na moja, tegemea nusu yao. Jogoo wa kienyeji huenda hana hata moja, lakini hiyo haizuii kitu. Atakachochangia ni kahawia. Kahawia haina jeni moja. Zinashirikiana nyingi, kila moja ikiongeza kidogo, ndiyo maana binti huangukia katikati ya mama yake na ukoo wa baba yake. Kienyeji wengi hutaga krimu au kahawia hafifu, kwa hiyo binti zako watataga kijani kilichopauka, si bluu safi. Ukitaka bluu ibaki bluu, mpandishe tetea huyo na jogoo wa ukoo wa mayai meupe, kama Leghorn.

Nataka kijani kizito, kile cha zeituni. Nianze na kuku gani, na wangapi?
*Kikundi cha akina mama, Mafinga*

Mnahitaji pande mbili: bluu yenye nakala mbili, na kahawia nzito kuliko zote mtakazoweza kupata. Upande wa bluu kuna Araucana, Ameraucana na Cream Legbar. Upande wa kahawia, Marans wa Ufaransa ndiye mwenye mayai ya rangi ya chokoleti, akifuatiwa na Welsummer wa Uholanzi. Mkiamua kuagiza mayai au vifaranga nje ya nchi, kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi kinatangulia, si kufuata baadaye mzigo ukiwa mpakani. Na jihadharini na jina "Ameraucana": wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni chotara tu wa mayai ya rangi, wenye nakala moja ya bluu. Ombeni kuyaona mayai ya mama na ya dada za jogoo.

Msipopata Marans, msikate tamaa. Chukueni kuku wa mayai ya kahawia mlio nao, muwafuatilie, na mteue watatu au wanne wanaotaga kahawia iliyokolea kupita wenzao. Kumjua nani kataga yai lipi, mpakeni tetea rangi ya chakula kidogo kwenye tundu la kutagia asubuhi; yai litatoka na mstari. Kila tetea apewe rangi yake. Kijani mtakachopata kitakuwa cha wastani, lakini ni kijani.

Hatua ya kwanza: jogoo mmoja wa bluu kwa matetea 8 hadi 10 wa kahawia. Ondoeni majogoo wengine wote kwanza, kisha subirini. Mbegu ya jogoo huishi ndani ya tetea wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo mayai ya kutotolesha yaanze kukusanywa baada ya wiki tatu kamili. Nne ni salama zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi ya mwaka mzima kwa haraka ya siku chache. Totolesheni mayai yaliyokolea tu. Tuseme mmeweka 40 na yameanguliwa 30: matetea ni kama 15, na wote, kama jogoo ana nakala mbili, watataga kijani cha kati.

Hatua ya pili: chagueni waliokolea miongoni mwa binti hao, muwapandishe na jogoo wa Marans, au jogoo aliyetokana na yai lenu jeusi kuliko yote, asiye ndugu yao. Nusu ya binti watapata bluu pamoja na kahawia ya robo tatu. Hao ndio wa zeituni. Nusu nyingine watataga kahawia tupu. Kwa mayai 40 hesabu ni matetea saba au nane wa zeituni. Ondoeni vifo na mwewe, msishangae mkibaki na watano.

Kuna njia ya kuwatambua kabla hawajala chakula cha miezi sita. Jeni ya bluu iko jirani sana kwenye kromosomu na jeni ya upanga (nyama nyekundu ya kichwani) wa njegere, ule mfupi uliolala wenye mistari mitatu. Kama jogoo wenu wa bluu alikuwa Araucana au Ameraucana mwenye upanga huo, na upande wa kahawia wote wana upanga mmoja uliosimama, basi katika hatua ya pili vifaranga wenye upanga mfupi, mnene, ulioinama karibu wote wamebeba bluu. Wachache kati ya mia wataachana na kanuni. Upanga huonekana vizuri kifaranga akiwa na wiki tatu au nne. Wauzeni wenye upanga uliosimama mapema. Mkianza na Cream Legbar, sahauni njia hii, kwa sababu kwake bluu imeambatana na upanga uliosimama. Na kama kuna damu ya Kuchi upande wowote, sahauni pia: wengi wao wana upanga mfupi bila kuwa na bluu.

Makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kupandisha chotara wa hatua ya kwanza wao kwa wao. Robo ya binti watakosa bluu kabisa, na kahawia itasambaa ovyo, kutoka krimu hadi nzito. Mtapata kikapu chenye kila rangi na hamtajua nani ni nani. La pili ni kuendelea kurudia jogoo wa kahawia kizazi baada ya kizazi bila kuvunja mayai kuangalia ndani. Yai likikolea sana, kijani na kahawia hufanana kwa nje, na bluu hupotea mkiwa mnashangilia.

Jueni pia kwamba zeituni haizai zeituni. Tetea wa hatua ya pili ana nakala moja tu ya bluu. Mkiuza vifaranga vyake, mwambieni mnunuzi mapema kwamba baadhi watataga kahawia.

Neno moja kuhusu Marans wa Kifaransa: ana manyoya miguuni. Kwa mvua za huko kwetu, banda likiwa na tope, manyoya hayo hushika uchafu na ukurutu wa miguu hujificha humo. Sakafu kavu yenye maranda si anasa kwa kuku huyu.

Nitajuaje kama jogoo wangu ana nakala mbili za bluu, moja, au hana?
*Uyole, Mbeya*

Manyoya hayatakuambia, wala ndewe za masikio. Ile kanuni ya ndewe nyeupe yai jeupe, ndewe nyekundu yai la kahawia, ni mazoea ya baadhi ya koo, na kwa bluu haina kazi kabisa. Dawa ni kumpima kwa binti zake.

Mpe matetea watatu au wanne wasio na bluu. Wanaotaga meupe ni bora, kwa sababu rangi itaonekana bila kufunikwa. Angua, lea, subiri. Binti mmoja tu akitaga yai ambalo ndani ni jeupe, jogoo hana nakala mbili, mjadala umeisha. Wakitaga bluu wote, swali ni wangapi. Jogoo mwenye nakala moja anaweza kukudanganya kwa bahati: kwa binti watano, bahati hiyo ni 1 kati ya 32; kwa saba, ni 1 kati ya 128. Saba wakitaga bluu wote, mwamini.

Tangu kuatamia hadi yai la kwanza ni miezi saba hivi, na kienyeji huchelewa zaidi. Kwa hiyo usimchinje jogoo wakati unasubiri. Vifaranga wake wavishe alama tangu siku ya kwanza, mathalani pete za plastiki za rangi. Kagua kila wiki na badilisha kadiri mguu unavyokua; pete iliyobana hukata mguu kabla hujagundua.

Nimeambiwa nikiwapa kuku majani ya parachichi ganda litakuwa kijani. Ni kweli?
*Ipogolo, Iringa*

Si kweli, na ni hatari. Majani, maganda na kokwa za parachichi zina sumu kwa ndege. Chakula hubadilisha rangi ya kiini: mahindi ya njano na majani mabichi hukikoleza. Ganda halifuati chakula. Wapeni mchicha au sukumawiki.

Kuku wangu walitaga kahawia nzuri, sasa mayai yamepauka. Damu imechuja?
*Njombe mjini*

Damu haichuji kwa kuku yuleyule. Tazama kwanza kalenda. Tetea hutaga yai lililokolea zaidi mwanzoni mwa msimu wake. Kadiri miezi inavyokwenda yai hukua, rangi ileile hutandazwa juu ya ganda kubwa zaidi, na yai hupauka. Akipumzika na kunyonyoka manyoya, rangi hurudi. Kwa hiyo kuku wa kuzalishia wapimwe katika wiki za mwanzo, wote katika kipindi kimoja, na si mmoja mwezi wa pili na mwenzake mwezi wa kumi. Weka vipande vya maganda kwenye boksi gizani, kila kimoja na namba ya kuku, ili uwe na cha kulinganishia. Macho yetu husahau rangi haraka kuliko tunavyodhani.

Kama kupauka kumekuja ghafla, ndani ya siku chache na kwa kundi zima, fikiria mambo mengine. Hofu: mbwa, mwewe, kuhamishwa banda. Tetea aliyeshtuka hulizuia yai, nalo hupata vumbi la ziada la kalsiamu, likaonekana la kijivu au la waridi. Dawa: nikarbazini, inayotumika dhidi ya koksidia (vimelea vya utumbo), huondoa kahawia upesi sana, soma karatasi ya chakula na ya dawa, maana nikarbazini si ya kuku wa mayai. Ugonjwa: kideri na ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa hupausha ganda na kuliharibu, na huo wa pili mara nyingi huacha ute mwepesi kama maji. Ganda likipauka kisha likawa laini au likakosekana kabisa, usisubiri, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Chanjo ya kideri ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu.

Bluu haichezewi kirahisi hivi, kwa kuwa iko ndani ya ganda lote. Yai la zeituni likigeuka bluu-kijani, kilichopungua ni kahawia.

Yai la bluu lina virutubisho zaidi? Wateja wananiuliza.
*Muuzaji, soko la Makambako*

Hapana. Ganda la bluu haliongezi protini wala halipunguzi mafuta. Ladha na kiini hutokana na chakula cha kuku na upya wa yai. Uza uzuri wa trei yenye rangi nne, nao unauzika, usiuze tiba.

Nilisafirisha mayai 24 ya Marans kwa basi hadi Makete. Yameanguliwa matano. Tatizo ni yai au mashine?
*Makete*

Inawezekana ni yote mawili, na mwinuko unachangia. Tuanze na safari. Kutikiswa hulegeza chumba cha hewa kilicho upande butu wa yai. Yakifika, yasimamishe ncha kali ikiwa chini kwa saa 24 mahali pa baridi ya wastani, nyuzi 13 hadi 18, kabla ya kuyaweka kwenye mashine. Yaliyokaa zaidi ya siku saba tangu kutagwa yape nafasi ya mwisho. Usiyaoshe, ule utando wa nje unaobeba rangi ndio pia unaozuia vijidudu.

Kisha mwinuko. Huko juu hewa ni nyepesi: oksijeni ni pungufu na yai hupoteza maji haraka zaidi kuliko lingekuwa pwani. Kifaranga hukauka na kunata kwenye utando siku ya mwisho. Dawa yake ni mizani ndogo ya jikoni. Pima mayai kabla ya kuyaweka, pima tena siku ya 7 na ya 14. Kufikia siku ya 18 yai linapaswa kupungua asilimia 11 hadi 13. Yai la gramu 60 libaki na 53 hivi. Likipungua upesi mno, ongeza eneo la maji, yaani sahani pana zaidi. Kuongeza kina cha maji hakusaidii. Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55, na siku tatu za mwisho 65 hadi 70. Geuza mayai mara tatu kwa siku au zaidi, uache siku ya 18.

Mashine isikae kwenye chumba chenye baridi ya Juni. Chumba kikishuka usiku hadi nyuzi 10, kifaa kidogo hakiwezi kushika joto, hata kama kioo chake kinaonyesha namba nzuri. Weka kipimajoto cha pili, kwenye usawa wa mayai.

Mwisho, yai la Marans ni jeusi na kurunzi ya simu hailipenyi. Usiyatupe siku ya 7 kwa sababu huoni mishipa. Mulika siku ya 10 hadi 12, chumba kikiwa giza totoro, kwa tochi kali iliyozibwa pembeni isivujishe mwanga. Ukiwa na shaka, liache, isipokuwa linanuka au linavuja.

Nina jogoo mmoja tu wa bluu. Naweza kumpandisha na binti zake ili bluu isipotee?
*Vwawa, Songwe*

Kwa bluu peke yake, hesabu inavutia: jogoo wa nakala mbili na binti wa nakala moja huzaa watoto ambao wote wana bluu, nusu yao wakiwa na nakala mbili. Watu wengi wamejenga ukoo kwa njia hiyo. Lakini baba na binti ni ndugu wa karibu mno. Mara moja utavumilia, ukiwa umejiandaa kutupa dhaifu bila huruma. Ukirudia, mayai mengi hayataanguliwa, vifaranga wataanza kufa kabla ya wiki mbili, na ule ugumu wa kienyeji uliotaka kuutunza utakuwa umeuchezea.

Fanya hivi. Gawa matetea wako makundi mawili yasiyohusiana, uyaite A na B, na umtumie jogoo wako kwa zamu kwenye yote mawili, ukisubiri wiki nne kati ya zamu. Binti wa A watakutana na mtoto wa kiume wa B, na wa B na wa A. Hao ni ndugu wa baba mmoja, si baba na mwanawe, na undugu wao ni nusu ya ule. Hapo robo ya vifaranga watakuwa na nakala mbili. Majogoo wao wapime kama tulivyomweleza mwenzako wa Uyole, na wakati huo tafuta jogoo wa pili wa bluu kutoka kwa mfugaji mwingine. Hata wa nakala moja anafaa, ilimradi si wa banda lako. Daftari liwe na safu nne: namba ya kuku, baba, mama, na rangi ya ganda ndani na nje.